Tutazeekea Wapi?

Hotuba iliyosomwa na mwalimu mmoja kwa niaba ya walimu wa kambi ya Kiziba, Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni 2025



Kamati ilituomba sisi walimu tuseme neno juu ya wazee. Tulidhani itakuwa kazi nyepesi. Tungewashukuru wazee kama tunavyofanya kila mwaka, tungewaombea mablanketi na miwani, vijana wangepiga ngoma, na siku ingekwisha vizuri. Lakini tulipokaa kulitayarisha neno hili, mwenzetu mmoja aliuliza: "Wazee wetu wanangoja nini?" Tukatazamana. Hakuna hata mmoja aliyeweza kujibu kwa ajili ya wazazi wake mwenyewe. Basi tukaona kwamba hilo ndilo neno tulilopaswa kulisema leo.

Sisi tunaosema hapa ni wa kizazi kilicholetwa migongoni. Kambi hii ilifunguliwa mwezi wa Desemba 1996. Tulikuwa watoto wa miaka mitano, sita. Leo tumevuka miaka thelathini, tuna chaki mikononi na watoto wetu wenyewe madarasani. Na wale waliotubeba, waliokuwa na miaka arobaini na kitu na nguvu za kupanda milima usiku, leo wamepita sabini. Asubuhi ambayo haina ukungu wanakaa nje, wanalitazama ziwa Kivu, kisiwa cha Idjwi, na nyuma yake milima ya Kalehe. Mzee wa Kalehe anayaona ya kwao kwa macho kila siku ya Mungu, na miguu yake haijafika huko kwa miaka 28.

Mtumishi wa serikali akitimiza umri wake hupewa barua ya kustaafu. Anajua siku, anajua kiasi cha pensheni, na mara nyingi amekwisha kujenga kibanda chake kijijini. Hata mtu aliyekwenda kutafuta kazi Nairobi, Muscat au Brussels hutuma fedha kidogo kidogo, anapandisha ukuta, anaweka bati, ili siku akichoka arudi. Mkimbizi haandikiwi barua. Uzee humkuta kwenye foleni ya posho, na hakuna aliyemwambia kwamba siku ya kuchagua imefika. Kwa hiyo hachagui. Anangoja, na kungoja kunamchagulia.

Tunaomba ruhusa tuanze na mzee mmoja ambaye si wa kambi hii.

Mwaka 2012 tulikuwa wanachuo wa ualimu huko Rusizi, na wachache wetu tulipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika sekta ya Butare. Tuseme mapema kwamba siyo Butare ile ya chuo kikuu, mji ambao tangu mwaka 2006 unaitwa Huye. Hii ni Butare ya Rusizi, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Cyangugu, upande wa milimani karibu na msitu wa Nyungwe. Unaliacha joto la bonde la Bugarama na mashamba yake ya mpunga, unapanda, na jioni ya siku hiyo hiyo unatafuta sweta.

Tulipewa chumba katika nyumba ya mzee mmoja. Siku ya kwanza alitusalimu kwa Kiswahili cha Uvira, na sisi, ambao tulikuwa tumezoea kukificha Kiswahili chetu ili tusionekane wageni, tulifurahi kama watu waliokutana na ndugu. Alitueleza maisha yake polepole, jioni moja kipande, jioni nyingine kipande.

Alikimbia mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa kijana. Alivuka mto Ruzizi, akakaa Kongo zaidi ya miaka 30. Alikata miwa katika mashamba ya kiwanda cha sukari cha Kiliba, akaoa mwanamke wa huko, Mfuliiru, akazaa, akajenga. Hata siku zile za 2012 alikuwa bado akitaja bei za zamani kwa zaire. Kila karatasi aliyokuwa nayo ilisema jambo lake: moja inasema mzaliwa wa Cyangugu, nyingine mkazi wa Rusizi, na kila ofisi alikoingia aliulizwa, "Butare ipi, mzee?" Alikuwa akicheka: "Nilirudi nyumbani, nikakuta hata jina la nyumbani limehama."

Vita vilipokwisha Rwanda mwaka 1994, wenzake wengi waliokimbia zamani walifunga mizigo kwa wiki moja. Yeye hakufunga. Mwaka 1995 alikwenda kwanza peke yake, bila mke, bila godoro, akakaa mwezi mzima anatazama. Kwenye kilima cha baba yake alikuta watu. Hawakuwa wezi. Walizaliwa pale, walikuwa wamezika wazee wao pale. Naye alijua yaliyoandikwa katika mapatano ya Arusha. Itifaki ya wakimbizi, iliyotiwa sahihi mwezi wa Juni 1993, ilikubali haki ya kila mkimbizi kurudi nchini, lakini ilishauri kwamba aliyeondoka zaidi ya miaka 10 iliyopita asidai tena mali iliyokwisha kushikwa na wengine, ila serikali impe ardhi mahali pengine na kumsaidia kuanza.

Mzee alimwomba mwenye boma jambo moja tu: akae kidogo chini ya mti wa kwao. Mke wa yule bwana akamletea kiti. Wakazungumza mpaka jua likazama. Kesho yake alirudi akawasaidia kupalilia maharage. Mwisho wa mwezi alikwenda kuomba kiwanja ng'ambo ya bonde, mkabala na kilima kile, kisha akarudi Uvira kumwuliza mkewe.

Hapo tuliuliza: "Baba, ulimwuliza au ulimwambia?" Akasema: "Nilimwuliza. Alichukua mwaka mzima kunijibu." Mama yule alikubali kwa masharti mawili. Nyumba iwe karibu na njia, ili wanawe wawili waliotaka kubaki Uvira wasipotee wakija kumtazama. Na iwe karibu na kanisa, ili apate watu wa kuimba nao kabla hajajifunza vizuri Kinyarwanda.

Tulimwuliza pia aliwezaje kuamua, maana kwao alipokuwa amezaliwa palikuwa pamekaliwa, na Kongo alikuwa na nyumba. Akatuhesabia kwa vidole. Alisema alijiuliza mambo matatu. Nikiita usiku, nani atasikia? Nikishindwa kulima, chakula changu kitatoka katika mkono wa nani? Nikifa, nani anajua nizikwe wapi? "Kilima," akasema, "hakikunijibu hata swali moja. Watu ndio walionijibu."

Tulipokuwa kwake alikuwa na miaka 75 na hakuweza tena kushika jembe. Kila asubuhi msichana mmoja alileta jerikeni la maji na kuliweka mlangoni. Tulidhani ni mjukuu wake. Alikuwa mjukuu wa yule bwana wa kilimani.

Ndugu zetu, hatukuleta habari hii ili tuseme kila mtu arudi. Tumeileta kwa sababu mzee yule aliamua akiwa na miaka 57, nguvu zikiwapo bado. Alikwenda kuona kwanza, akamwuliza mwenzake, na akauliza habari za watu kabla ya habari za ardhi. Sasa tuzitazame njia tatu ambazo kila mmoja wetu hapa amezisikia katika mikutano: kurudi, kubaki, au kwenda nchi ya tatu. Tuzitazame kwa macho ya mtu wa miaka 70, maana mara nyingi huelezwa kwa macho ya kijana.

Njia ya kwanza ni kurudi. Tarehe ya leo yenyewe inatukumbusha. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi, uliotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1969, ulianza kutumika tarehe 20 Juni 1974, na unasema wazi kwamba mkimbizi harudishwi kwa nguvu. Anarudi kwa hiari yake. Mwezi wa Februari 2010 Kongo, Rwanda na HCR walitiliana sahihi mapatano ya kuturudisha kwa hiari. Wengi mnakumbuka furaha ile. Kuna mama hapa aliyegawa masufuria yake kwa majirani. Mwaka 2012 vita vipya vikaanza Kivu ya Kaskazini, na badala ya sisi kwenda, wengine walikuja, kambi ya Kigeme ikajaa. Na mwaka huu, Januari vita vilifika Goma, Februari vikafika Bukavu. Hatusemi njia hii imefungwa milele. Tunasema kwamba anayeichagua anachagua pamoja na saa yake, na saa hiyo haimo mkononi mwake. Tena hata bunduki zikinyamaza, swali la Butare litabaki: ni nani aliyepo kwenye malisho yetu ya Kalehe na Masisi, na tutaongea naye vipi?

Njia ya pili ni kubaki. Wako wazee wanaosema, "Mimi nimezoea, niacheni hapa hapa." Tunawaheshimu. Lakini tuseme kweli: kubaki kambini ni kukaa juu ya ardhi ya kuazima. Kambi ya Gihembe ilifunguliwa mwaka 1997. Wazee wa huko walipanda miti, walizoea baridi ya Byumba, walizika wenzao. Mvua ilichimba makorongo mpaka nyumba zikawa hatarini, na mwaka 2021 kambi ikafungwa, watu wakahamishiwa Mahama, nchi tambarare yenye joto. Ilikuwa kwa usalama wao. Lakini mzee aliyekuwa ameamua moyoni kuzeekea Gihembe alianza upya kutafuta jirani akiwa na mkongojo, na kaburi la mkewe limebaki kilimani.

Kuna kubaki kwa namna nyingine. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 waliwekwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakapewa ardhi, wakalima, wakalipa kodi. Mwaka 2007 serikali ya Tanzania na HCR waliwahesabu na kuwauliza: mnataka kurudi Burundi au mnataka uraia wa Tanzania? Karibu wanne katika kila watano walichagua uraia, na mwaka 2010 ilitangazwa kwamba watu zaidi ya 160,000 wamekubaliwa. Ilikuwa heshima kubwa, na Afrika nzima iliitazama. Lakini hati zenyewe zilichelewa. Kwanza waliambiwa wahame makazi yale na kutawanyika mikoani, kisha jambo hilo likaachwa, na hati zikaanza kugawanywa kwa wingi mwaka 2014. Hesabuni: aliyejibu swali akiwa na miaka 65 alipata karatasi akiwa na miaka 72. Waliochagua kurudi, wengi wao walikuta mashamba yao ya kando ya ziwa Tanganyika, Rumonge na Makamba, yana wenyewe wengine, wakaingia katika kesi za ardhi wakiwa wazee. Uamuzi ulichukua dakika chache. Kuutimiza kulichukua miaka. Ndiyo sababu hatuwezi kuuahirisha mpaka nguvu ziishe.

Njia ya tatu ni nchi ya tatu, na hapa inatubidi tuseme habari ya nyumba yetu wenyewe. Haitupendezi, lakini mwalimu asiyekubali kosa lake hawezi kusahihisha la mwanafunzi.

Mama yetu alizaliwa mwaka 1953. Dosiye ya familia ilipoitwa kwa safari ya Marekani, sisi watoto wake tulikaa usiku mmoja tukapanga kila kitu. Tulijua siku ya mahojiano kila mtu mzima huulizwa peke yake, kwa hiyo tukamfundisha jibu. Tulimwambia: "Mama, wakikuuliza kama unataka kwenda, sema ninafuata watoto wangu." Akasema hivyo hivyo. Mama yetu ni mtu wa utii, alisema alivyofundishwa. Mwaka 2019 aliondoka pamoja na wadogo zetu watatu. Sisi wawili tuliokuwa tumeoa tulikuwa na dosiye zetu, tukamwambia tutakuja nyuma yake, labda mwaka mmoja, labda miwili. Dosiye zetu zilikwenda hatua kwa hatua, mpaka Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Basi mama aliyesema anafuata watoto ametangulia watoto, na ziwa hili tunalitazama sisi bila yeye.

Hatusemi huko ni pabaya. Ana daktari wa shinikizo la damu, dawa hazikosi, na wajukuu wake wanapanda basi la shule mlangoni. Kwa mambo hayo tunamshukuru Mungu na tunawashukuru waliompokea. Lakini wadogo zetu wanafanya kazi za zamu, mmoja mchana, wengine usiku. Mama anabaki ghorofa ya tatu na televisheni isiyosema lugha yake. Siku moja kwenye simu alituambia: "Nimeshiba, mwanangu. Ila tangu juzi sijasalimiwa."

Kisha kuna jambo ambalo hatukulijua, na hatukulijua kwa sababu hatukuliuliza. Mzee mkimbizi akifika Marekani bila mali anaweza kupata fedha za serikali za kumsaidia kila mwezi. Lakini kwa sheria yao, msaada huo kwa mkimbizi una mpaka wa miaka 7. Ili auendeleze baada ya hapo, awe amepata uraia. Uraia unaombwa baada ya miaka 5 ya kukaa, na una mtihani, na mtihani ni kwa Kiingereza. Sheria inamsamehe Kiingereza mtu mwenye miaka 50 aliyekaa kama mkazi wa kudumu kwa miaka 20, au mwenye miaka 55 aliyekaa miaka 15. Kwa aliyefika akiwa na miaka 66, msamaha huo unamfikia akiwa amepita 80. Upo msamaha mwingine kwa ugonjwa unaomzuia mtu kujifunza, lakini daktari lazima auandike na kuueleza.

Mama alifika 2019. Miaka 7 inatimia mwaka ujao. Hivi sasa anajifunza herufi. Sisi ambao tumefundisha mamia ya watoto wa kambi hii kusoma hatukuwahi kumfundisha mama yetu kusoma, hata kwa lugha yake. Tuliona amekwisha kuzeeka, ya nini tena? Leo ana miaka 72, anashika kalamu kwa mara ya kwanza, katika lugha asiyoijua, na matumizi yake ya kila mwezi yanategemea mtihani huo. Anatutumia picha za daftari lake kwenye simu ili tulisahihishe. Herufi zake zinapanda mstari na kushuka kama njia ya kwenda ziwani. Tunazisahihisha, na tunaona haya.

Kama tungemwuliza wakati ule yale maswali matatu ya mzee wa Butare, pengine angekwenda vile vile. Wengi wamekwenda, wako vizuri, na wanatuma fedha zinazolisha watu wa kambi hii. Lakini angekwenda akijua. Angetaka, kama yule mama Mfuliiru, masharti yake mawili: pengine awekwe katika mji wenye mama wengine wanaosema lugha yake, pengine aanze herufi miaka mitatu kabla ya safari. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwetu mjukuu huyo amekwisha kufika.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunaleta mbele yenu mapendekezo manne.

La kwanza ni kwa watoto wa wazee, yaani sisi wenyewe. Tuache kuwaamulia. Mwulize mzazi wako uzeeni anataka kukaa na nani kabla ya kumwuliza anataka kukaa nchi gani. Muulize baba peke yake na mama peke yake. Asipojibu leo, usimjibie. Mpe mwaka kama yule mama wa Uvira alivyopewa.

La pili ni kwenu wazee wetu, na tunalisema kwa heshima. Msituambie tu, "Mungu anajua." Mungu anajua, lakini sisi hatujui. Semeni wazi mkiwa na nguvu. Mtaje majina ya vilima, ya vijito, ya majirani mliowaacha, na ni nani aliyekuwa na mpaka nanyi. Sisi tuliotoka huko migongoni hatuvijui. Siku njia ikifunguka, mtoto asiyejua hata jina la jirani ataanzia wapi mazungumzo? Na anayesema "nabaki," aseme pia nani atamletea maji kambi ikihamishwa.

La tatu ni kwa Kamati. Tunaomba pawe na daftari la wazee katika kila mtaa, likiandikwa kwa ruhusa yao na kutunzwa kwa siri: anataka nini, nani wa kumtunza, karatasi zake za kuzaliwa na za ndoa ziko wapi, akifa aarifiwe nani. Wazee wasio na mtoto hata mmoja kambini waanze, maana hao wakiita usiku hatujui kama kuna anayesikia. Mjumbe wa mtaa apange zamu ya majirani kwa ajili yao tangu sasa, bila kungoja shirika lolote.

La nne ni kwenu wafanyakazi wa mashirika. Mnafanya kazi katika wakati mgumu, misaada inapungua, na tunajua mara nyingi mnaletewa maamuzi mliyoyapokea tu kama sisi. Tunaomba jambo ambalo halihitaji fedha nyingi. Mkimweleza mzee njia yoyote, mwelezeni na mwisho wake: miaka mingapi, mtihani gani, msaada gani unakwisha lini, na kama mtoto wake aliye na dosiye nyingine hatamfuata itakuwaje. Mkalimani asiwe mtoto wake. Akisema "ninafuata watoto wangu," tafadhali mwulizeni mara ya pili, na mngoje jibu. Huenda jibu lile la kwanza tulimfundisha sisi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya watu wanaoweza kuchagua, na mkimbizi hana la kuchagua. Ni kweli kwamba milango mingi haimo mikononi mwetu. Mlango wa Kalehe umefungwa na vita, wa Marekani umefungwa na sahihi ya mtu mmoja. Lakini mzee wa Butare hakuchagua aliyekaa kwenye kilima cha baba yake. Alichagua kukaa chini na kuzungumza naye. Kiasi hicho cha kuchagua hata sisi tunacho, humu humu ndani, mtaa kwa mtaa. Anayejenga ujirani leo anajenga nyumba ya uzeeni asiyohitaji kuombea kibali.

Nasi walimu tusije tukawa watu wa kupendekeza tu. Kuanzia Jumatatu ijayo, tarehe 23, tutafungua darasa la wazee katika chumba cha darasa la tatu, saa kumi jioni, mara tatu kwa wiki. Tutafundisha kusoma na kuandika jina, kusoma namba za simu na tarehe ya karatasi, na kwa wanaotaka, herufi na maneno ya kwanza ya Kiingereza na Kifaransa. Hakuna ada. Madawati ni mafupi, mtatusamehe. Vijana wamekubali kuleta viti kutoka kanisani. Asiyeweza kupanda mteremko atume neno kwa mjumbe wake, mwanafunzi mkubwa atamfuata nyumbani. Mama yetu naye ameahidi kusoma siku hizo hizo huko aliko, ili asisome peke yake.

Jioni ya leo, ngoma ikiisha na wageni wakiondoka, kila mmoja wetu atarudi kwenye mlango wake. Tunaomba kabla hamjalala mumwulize mzee wenu swali moja kati ya yale matatu. Moja tu linatosha kwa usiku wa leo.